Neno nililolibadilisha mara 41

Ukurasa wa 37 wa kitabu nilichokitafsiri ulisomwa kwa sauti mbele ya watu karibu mia moja, katika ukumbi mmoja wa hapa Dar es Salaam, nami nimekaa safu ya nyuma. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Katika mbio, mtoto mwenye kasi kuliko wenzake apewe kilema ili wote wawe na nafasi sawa ya kushinda."

Aliyesoma alikuwa mzee mmoja kwenye kiti mwendo, kiongozi wa chama cha watu wenye ulemavu wilayani kwake. Aliisoma taratibu, akanyamaza, akairudia. Kisha akauliza bila kupandisha sauti, "Apewe kilema na nani? Na kwa namna gani?" Ukumbi mzima kimya. Feni tu ndizo zilizosikika. Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa: "Aliyetafsiri yupo humu?"

Nilisimama. Miguu ilikuwa inatetemeka.

Naandika haya kwa ajili ya wafasiri wanaoanza, na kwa yeyote anayepewa karatasi ya Kiingereza ofisini akaambiwa "hebu tuwekee kwa Kiswahili" kana kwamba ni kazi ya kumimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Neno lililoniponza ni "handicap". Kila mtu mjini analijua, na mimi nilidhani nalijua.

Kazi ilikuja kwa WhatsApp, mwaka 2022, kupitia dada mmoja niliyesoma naye Mlimani. Kitabu cha mwongozo kwa walimu na kamati za shule: namna ya kuwapokea watoto wenye ulemavu darasani na michezoni. Kurasa 62, siku nane, Sh 12,000 kwa ukurasa. Jumla Sh 744,000. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili Tabata, kwa hiyo sikuuliza swali hata moja. Nilijibu "sawa dada" na jioni ile ile nikaanza.

Wakati huo nilikuwa na tabia ambayo naisema wazi kwa sababu najua si mimi peke yangu niliye nayo. Nikikutana na neno linalonisumbua, naliacha vile vile kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, nasonga mbele, halafu mwisho wa kazi nalibadilisha kote kwa mpigo. Usiku wa siku ya saba, saa nane na nusu, umeme umerudi baada ya kukatika tangu magharibi, nilifungua kamusi. Niliona maana tatu zimepangwa: kilema, ulemavu, kikwazo. Nilichukua ya kwanza. Nikaiamuru kompyuta itafute na kubadilisha. Ikaniandikia kwamba mabadiliko 41 yamefanyika. Nililala usingizi mzuri.

Kwa hiyo ukurasa wa 5 ukawa na "watoto vilema". Ukurasa wa 12 ukasema "uhaba wa madawati ni kilema kikubwa kwa shule za pembezoni". Na ukurasa wa 37, kwenye sura ya michezo, ukamwagiza mwalimu ampe mtoto kilema. Hakuna aliyeupitia kabla ya kwenda kwa mchapaji. Mteja alikuwa na haraka ya uzinduzi, mimi nilikuwa na haraka ya kodi.

Baada ya ule uzinduzi kuvunjika, mzee aliniita pembeni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniangalia kwa muda. Nilitegemea matusi. Akasema tu, "Binti yangu, mimi hapa nimepandishwa ngazi nikiwa nimebebwa na vijana wawili kama gunia, kuja kusikiliza kitabu kinachoniita kilema. Siku ukipata nafasi njoo nyumbani tuongee." Ukumbi ulikuwa ghorofa ya kwanza, na lifti haikuwepo. Mimi nilizipanda ngazi zile zile asubuhi wala sikuzihesabu.

Gharama nizitaje kwa tarakimu, maana watu wakisimulia makosa yao huwa wanaruka hapo. Nakala 600 zilikuwa zimechapwa kwa Sh 4,500 kila moja, yaani Sh 2,700,000. Mteja alisema nibebe nusu ya gharama ya kuchapa upya: Sh 1,350,000. Malipo yangu yote ya ile kazi yalikuwa Sh 744,000 na yalishaingia kwa mwenye nyumba. Nilikopa Sh 900,000 kwenye kikoba chetu, zilizobaki nikalipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Mama alipouliza kwa nini situmi hela ya dawa kama kawaida, nilimdanganya kwamba kazi zimepungua. Uongo huo ulinikaa rohoni kuliko deni.

Hatukuwa tumeandikishana chochote. Hakuna mkataba uliosema nani anapitia tafsiri, nani anaidhinisha prufu (nakala ya kukagua kabla ya kuchapa), nani anabeba hasara. Sasa hivi hata kazi ya kurasa mbili naandika ujumbe mfupi kabla ya kuanza: nitakabidhi tarehe fulani, fulani atasoma, bila sahihi yake kitu hakiendi mashineni. Mteja mzuri hachukii kuandikishana. Wanaochukia nimewaacha.

Kosa la pili lilikuja ndani ya toba ya lile la kwanza. Wiki moja baada ya uzinduzi nilimwandikia yule mzee ujumbe mrefu wa kuomba radhi, na nikitaka kuonyesha kwamba nimejielimisha, nikamwelezea asili ya neno: kwamba zamani huko Uingereza watu wenye ulemavu waliruhusiwa kuombaomba wakiwa na kofia mkononi, ndiyo likatokea neno la mkono ("hand") na kofia ("cap"). Nilikuwa nimelisoma mahali na lilionekana la kweli kabisa. Hakunijibu.

Siku ile niliyolifuatilia kwa makini ndipo nilipogundua kwamba hadithi ya ombaomba ni ya kubuniwa. Asili ya neno lenyewe ni mchezo wa kubadilishana vitu. Ulikuwepo karne ya 17, na Mwingereza Samuel Pepys ameutaja kwenye shajara yake, Septemba 1660, kwamba aliucheza na wenzake nao ulikuwa mgeni kwake. Watu wawili wanataka kubadilishana mali, mmoja ana kitu cha thamani zaidi. Anawekwa mtu wa tatu, mwamuzi, anayepima tofauti na kutamka nyongeza inayotakiwa kutolewa juu ya kile kilicho hafifu. Fedha za dhamana zinaingia kwenye kofia, wale wawili wanatumbukiza mikono humo, kisha wanaitoa pamoja kuonyesha kama wamekubali au wamekataa. Mwamuzi alichukua zile fedha pale tu walipokubali wote au walipokataa wote, basi akawa na sababu ya kupima vizuri.

Ukitaka kuuona mchezo huo leo nenda Kariakoo kwenye maduka ya simu. Una simu yako, unaitaka ya mwenzako iliyo nzuri zaidi, anasimama rafiki katikati na kusema, "Mpe yako na elfu arobaini juu." Ile elfu arobaini ndiyo mama wa neno hili. Ni nyongeza ya kusawazisha, wala haina uhusiano na mguu au jicho la mtu.

Karne ya 18 wapenda mbio za farasi wakalichukua neno hili. Katika mbio walizoziita hivyo, farasi aliye bora hubebeshwa uzito zaidi, vipande vya risasi, ile metali nzito, vinatiwa kwenye nguo iliyo chini ya tandiko, ili aliye dhaifu naye apate nafasi. Melbourne Cup ya Australia, iliyoanza mwaka 1861, hukimbiwa hivyo hadi leo. Uzito huo unapangwa na mtu maalumu aliyeketi na rekodi za farasi wote mbele yake. Farasi hakuzaliwa nao.

Baadaye neno likahama kutoka kwenye uzito wenyewe likawa mzigo wowote unaomrudisha mtu nyuma, na mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza na Wamarekani wakaanza kulitumia kwa watoto na watu wazima wenye ulemavu. Likaingia hata kwenye sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu elimu ya watoto hao ilikuwa na neno hilo kwenye jina lake, na mwaka 1990 jina likabadilishwa kwa sababu wenyewe walishalikataa. Leo ukimwita hivyo mtu anayezungumza Kiingereza, wengi watasikia dharau.

Nililazimika kwenda kwa mzee mwenyewe, maana nilikuwa nimempelekea uongo kwa nia njema. Nilipanda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, kisha bajaji. Alinipokea barazani, mkewe akaleta chai ya tangawizi na vitumbua. Nikamwambia, "Mzee, ule ujumbe wangu kuhusu kofia haukuwa sahihi, naomba nikusimulie upya." Nikamsimulia yote, kofia, mwamuzi, farasi na vipande vya risasi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka kikombe chini, akapiga goti lake kwa kiganja, goti jembamba ambalo suruali ilikuwa imelilegea. "Nilipata polio nina miaka minne. Mguu ukapooza. Huo ni ulemavu, nami siuonei haya, ni wangu. Sasa yule aliyejenga ukumbi ghorofani bila lifti wala njia ya mteremko, yeye ndiye aliyenitwika ile risasi yako ya farasi. Hicho ndicho kikwazo. Ukivichanganya hivyo viwili kwenye karatasi, unamsamehe mwenye jengo na kunilaumu mimi kwa mguu wangu."

Nilitoa daftari nikaandika hapo hapo.

Baadaye nilikuta kwamba wataalamu nao walishaichora tofauti hiyo. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpangilio wa ngazi tatu: hitilafu katika mwili, kisha kile ambacho mtu anashindwa kukifanya kwa sababu yake, kisha hasara anayoipata katika maisha ya jamii. Hiyo ya tatu ndiyo waliyoiita kwa neno letu hili. Mwaka 2001 mpangilio huo ukaachwa, ukaja mwingine usiolitumia neno hilo kama ngazi, na unaoyahesabu mazingira yaliyomzunguka mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unauona ulemavu kama kitu kinachotokea hitilafu ya mwili inapokutana na vizuizi vya jamii. Mzee hakunitajia hata kimoja cha hivyo. Alinitajia ngazi alizobebwa.

Tangu siku ile, nikikutana na neno la namna hii najiuliza kwanza mzigo uko wapi na nani ameuweka. Kama maandishi yanazungumzia hali ya mwili, naandika ulemavu, na mwenyewe naandika mtu mwenye ulemavu, kama ilivyo hata kwenye jina la sheria yetu ya mwaka 2010. Kama ni kitu kilichowekwa njiani, kikwazo, na sitafuti kingine, kwa sababu neno lenyewe limetoka kwenye kukwaa na kila msomaji anauona mguu unaogonga jiwe. Madawati kukosekana ni kikwazo. Kwa kitu kinachokosekana ndani ya chombo au mpango, kasoro au upungufu. Kwa upande mbaya wa jambo lenye pande mbili, hasara, ingawa hapo uangalie, maana kwa mfanyabiashara hasara ni fedha iliyopotea na hataelewa vingine.

Kuhusu kilema nimeulizwa mara nyingi: si Kiswahili cha wazee wetu? Ni chetu kweli, na kwenye methali kimo. Lakini ukimwita mtu hivyo usoni leo, unamfanya awe ule mguu wake. Wala usijitungie kanuni kwamba kila neno la ki- na vi- ni tusi. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimebaki na viziwi kwenye jina lake, na wenyewe wanalipenda. Wenzao wa Chama cha Wasioona wamechagua wasioona. Nilijaribu kutafuta kanuni moja ya kunirahisishia, sikuipata. Kilichonifaa ni kuwauliza wenyewe, na simu ya dakika tano haikunigharimu hata Sh 500.

Maana ya michezo nayo ilinichukua muda, na aliyenifungulia ni mdogo wangu wa kiume anayebeti. Nilimkuta na mkeka wake wa kubeti kwenye simu, timu kubwa imeandikwa na -1.5 pembeni. Nikamuuliza hiyo ni nini. "Hendikapu, dada. Ni kama wanaanza mechi wakiwa nyuma goli moja na nusu. Wakishinda moja bila, mkeka umechanika. Lazima washinde kwa mawili." Kumbe farasi na risasi yake wapo hapa mtaani kwetu, mikononi mwa vijana wote, na nimekaa na neno usiku wa saa nane bila kumuuliza ndugu yangu aliyelala chumba cha pili.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kutafsiri ratiba na masharti ya mashindano ya gofu ya hisani. Kabla ya kukubali nilikwenda uwanja wa Lugalo, nikazungumza na kijana mmoja anayebeba mifuko ya wachezaji. Alinieleza kwa hesabu: mchezaji wa hendikapu 18 akimaliza kwa mikwaju 90, zinatolewa 18, inabaki 72, na hiyo 72 ndiyo inayoshindanishwa, maana kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Anayejua sana anakaribia sifuri. Anayejifunza anaweza kuwa na namba kubwa, mwisho wake 54 kwa utaratibu wa dunia ulioanza mwaka 2020. Nikamuuliza wao huiitaje kwa Kiswahili. "Hendikapu hiyo hiyo. Ukiandika kitu kingine hatutaelewa." Nikaandika hendikapu, na kwenye ukurasa wa kwanza nikaweka sentensi moja ya maelezo kwa mgeni. Angalia kwamba kwenye gofu anayepewa ni mdhaifu, anapunguziwa. Kwenye farasi na mikeka anayebebeshwa ni mwenye nguvu. Neno ni lile lile na linaelekea pande mbili, hivyo sentensi inayofuata lazima isomwe kabla ya kalamu kushuka.

Kuna jambo jingine nilipaswa kumuuliza mteja siku ya kwanza. Kitabu kile hakikuandikwa kwa Kiingereza. Kiliandikwa kwa Kifaransa, na watu waliofanya kazi Burundi, kikapitia Kiingereza, ndipo kikanifikia mimi. Kifaransa bado kinalitumia neno hili kwenye sheria na kwenye ofisi bila kukusudia dharau. Sheria kuu ya Ufaransa ya haki za watu wenye ulemavu, ya mwaka 2005, imejaa neno hilo. Aliyetafsiri kwenda Kiingereza aliliacha lipite kwa sababu linafanana. Nami nikalipokea kama lilivyo, nikaliongezea ubaya wa kwangu. Siku hizi swali langu la kwanza kwa mteja ni: hii ndiyo nakala ya asili? Kama siyo, naomba ya asili hata kama siijui lugha yake, nipate angalau kulinganisha.

Toleo la pili nililitafsiri upya bila malipo. Zile sehemu 41 nilizipitia moja moja, kwa mkono, nikiandika pembeni maana ya kila moja. Ishirini na tatu zilikuwa ulemavu au watu wenye ulemavu. Kumi na tano zilikuwa kikwazo. Mbili zilihitaji sentensi nzima kusukwa upya. Na ile ya ukurasa wa 37 ikawa: "Katika mbio, mtoto mwenye kasi kuliko wenzake aanze hatua tano nyuma ili wote wawe na nafasi sawa ya kushinda." Mwalimu wa Tandika niliyemsomea kwa simu alisema kwao wanacheza hivyo siku zote, hawana jina lake.

Nilichapisha nakala moja kwa herufi kubwa nikampelekea mzee Mbagala. Alikaa nayo siku kumi. Nilipokwenda kuichukua, ukurasa wa 37 ulikuwa na alama ya vema. Ulemavu, kikwazo, vyote alivipitisha. Lakini kurasa nyingine zilikuwa na duara za kalamu nyekundu, na mwanzoni nilidhani ameniwekea alama za kusifu. Nilipozisoma nikaona kila duara imezunguka maneno mawili yale yale: "watoto wa kawaida". Mtoto mwenye ulemavu akae karibu na watoto wa kawaida. Mwalimu asiwacheleweshe watoto wa kawaida. Duara 11.

"Hawa wangu ni watoto wa nini?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Nilifungua daftari, nikaandika "watoto wasio na ulemavu", nikampigia mchapaji pale pale barazani nikamwomba asubiri hadi kesho kutwa.